Nani Kasema Rangi ni ya Mwenye Pesa?

Mcheeew! Sogeeni hapa kwenye benchi, kahawa ingali ya moto, nina jambo limenikaa rohoni tangu jana.

Kila mwaka ni yale yale. Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, au ikifika ile wiki ya Krismasi, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo haupitiki. Watu wamebanana, vipaza sauti vinagombana, mzazi kashika mkono wa mtoto upande mmoja, upande wa pili kakumbatia pochi isije ikachomolewa. Gauni ambalo mwezi wa tisa lilining'inia palepale bila mtu wa kuliuliza, leo muuzaji anakutajia bei huku anatazama kwingine, maana anajua huna pa kwenda. Unalipa. Unabeba seti nzima: gauni na mkanda wake, kibanio cha nywele, soksi, viatu. Mtoto anavaa siku moja, jioni lina mchuzi kifuani, na Januari zipu imeshang'oka.

Na wapo, hapa ndipo ninaposonya hadi mate yanakauka, ambao pesa hiyo wameikopa. Kausha damu! Mtu anaacha kitambulisho na kadi ya benki kwa mkopeshaji kwa ajili ya gauni la shifoni, halafu Januari inamkuta na madaftari, sare za shule, kodi ya nyumba, na yule wa mkopo anapiga simu kila asubuhi. Mama wa watu anasononeka miezi mitatu kwa furaha ya siku moja. Inaniuma, kwa sababu mtoto angeweza kupendeza bila hayo yote, na mitaa yetu hii ilijua jinsi ya kufanya hivyo.

Jamani, pwani hii haikuwahi kumwachia tajiri rangi. Unguja ya karne ya 19, mtumwa alivaa merikani, kile kitambaa cha pamba kisicho na nakshi kilicholetwa na merikebu kutoka viwanda vya Massachusetts kule Marekani, au alivaa kaniki, nguo hiyohiyo iliyochovywa rangi nzito ya nili. Ndiyo iliyokuwa alama ya mtu asiye na chake. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani hawakungoja watajirike. Walianza kuiweka kando kaniki na kujifunga khanga za rangi. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Unguja. Kwa hao, doti moja ya khanga mabegani ilikuwa tamko mbele ya mtaa mzima.

Na khanga yenyewe ilitoka wapi? Wanasimulia wazee wa pwani kwamba wanawake walinunua leso zilizokuwa zikiuzwa kwa jora kabla hazijakatwa moja moja, wakakata sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, ikapatikana nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara waliona hao wamebuni kitu, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa kwa ukubwa huo moja kwa moja. Mnaona? Vazi la rangi linalojulikana kuliko yote katika ukanda huu lilianza kwa mkono wa mwanamke aliyekaa, akahesabu, akaunga vipande. Leo mjukuu wake anasukumana Kariakoo kununua kitu kilichokwisha kuunganishwa na mtu asiyemjua hata kiuno chake.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba kumtaka mwenye kipato kidogo apendeze ni kumfundisha anasa. Mtoto wa Buguruni ana haki ya kutoka siku ya Idi akiwa amewaka, na mama yake vilevile. Rangi yenyewe ni rahisi. Tunachokilipia kwa uchungu ni kuchelewa.

Muulizeni fundi wetu, huyu hapa nyuma ya cherehani. Nilimuuliza, "Fundi, mtu akikuletea pisi moja ya kitenge, unavisha wangapi?"

"Inategemea kaja lini," akajibu bila kuinua macho. "Akija mwezi wa kumi tunakaa, tunapima, napanga mkato, navisha familia. Akija tarehe ishirini Desemba nakata harakaharaka, vipande vinakwenda chini, tena atalala hapa mlangoni akiningoja."

Sikilizeni hesabu yake, maana ni elimu. Pisi ya kitenge ni yadi 6, karibu mita tano na nusu, upana wake inchi 45 hivi. Shati la baba la mikono mifupi, baba wa umbo la kawaida, yadi mbili. Gauni la binti wa miaka sita, yadi moja na nusu. Blauzi ya mama, yadi moja na nusu. Imebaki yadi moja, na hapo ndipo fundi mwenye jicho anapojitofautisha. Kilemba cha mama kinatoka humo. Kinachobaki kinakuwa ukosi na mfuko wa shati la mvulana, shati lenyewe likiwa jeupe, lile la zamani ambalo lingali zima ila linachosha macho. Sketi ya mama na suruali ya mtoto zitoke kwenye kitambaa cha rangi moja, popleni au tetroni, ambacho yadi yake haimtishi mtu.

Sasa rangi ipi? Hapa watu wanakosea sana. Wana kitenge cha buluu, basi wanakimbilia sketi ya buluu, na buluu mbili zisizolingana zinagombana mchana kutwa. Tazama ndani ya kitenge chenyewe. Iache ile rangi iliyotawala, tafuta ile ndogo iliyojificha, vile vidoa vya kijani cha majani mabichi katikati ya ua la chungwa. Hicho kijani ndicho kiwe sketi. Mtu akisimama mbali ataona blauzi na sketi vinaongea, ila hatajua kwa nini. Mwanao wa kwanza mpe chungwa, wa pili mpe kijani, baba buluu, na wote wanatoka nyumbani wakifanana bila kuvaa kitu kimoja. Mimi hilo naliona zuri kuliko familia nzima iliyofungwa ndani ya jora moja kutoka ukosi hadi pindo.

Na msinunue kitenge kwa macho tu. Kigeuze. Kitenge cha waksi rangi yake imepenya pande zote mbili, mbele na nyuma karibu sawa. Kile kilichochapwa upande mmoja, nyuma kimepauka. Sisemi usikinunue hicho cha pili, maana bei yake ni nafuu na kwa gauni la mtoto anayekua kinatosha, lakini usilipe bei ya waksi kwa kitu kilichopauka mgongo. Halafu omba uzi mmoja wa pembeni, uchome. Pamba inaungua ikawa jivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu. Siku hizi poliesta imejaa sokoni, inang'aa vizuri dukani, ukiivaa Januari Dar es Salaam ndipo utajua kwamba ngozi inataka kupumua.

Ukifika nayo nyumbani, loweka kabla hujaipeleka kwa fundi. Naomba sana hili. Pamba mpya hunywea inapofuliwa mara ya kwanza. Fundi akishona kabla, gauni lililofika magotini litapanda, na lawama itamwangukia yeye bure. Isuuze peke yake mpaka maji yatoke meupe, ianike kivulini. Jua letu hili halina huruma na nyekundu.

Khanga nayo mnaidharau siku hizi, eti ya ndani na ya misiba. Mcheeew! Doti moja ina vipande viwili, na kila kimoja kina pindo tayari, kazi ya urembo imeshafanywa kiwandani. Pindo likae chini ya gauni na kwenye mikono, mji, ile sehemu ya katikati, ukae kifuani, umepata vazi ambalo duka halina. Soma tu jina lake kabla hujakata. Kuna misemo ya kumsema jirani ambayo haifai kukaa mgongoni mwa mtoto wa darasa la pili. Na kwa mwenye harusi, kisutu chekundu, cheusi na cheupe kimebeba mabibi harusi wa pwani vizazi na vizazi, wala hakijachuja heshima.

Alipita mama mmoja hapa juzi, tukamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu." Akasimama kusikiliza. Nilikuwa nimefika kwenye habari ya mitumba, na nilikuwa nasema watu wanaingia soko la Karume na kutafuta gauni, wakati walitakiwa kutafuta kitambaa. Ndiyo. Kule Ilala belo linapofunguliwa alfajiri, wachuuzi wanagombania vile vya juu, vya mtindo, na bei yake inakuwa ya juu vilevile. Mchana bei inateremka, jioni unasikia buku, buku, mwisho jero. Kwenye lundo lile la mwisho ndimo ninamokwenda mimi. Humo mna mashati ya kiume makubwa ya pamba safi ambayo hapa hakuna wa kuyavaa. Mna sketi pana zenye marinda, kila moja ina yadi mbili au zaidi. Mna mashuka na mapazia.

Mama akaguna. "Yaani mwanangu avae shuka la mtu siku ya Idi?"

"Mama, lilikuwa shuka," nikamjibu. "Likishafuliwa kwa maji ya moto, likaanikwa, likapigwa pasi ya mkaa, fundi akalikata, ni popleni ya njano. Nenda duka la vitambaa ukaulize yadi ya popleni ya pamba tupu, kisha urudi hapa."

Hakunijibu. Lakini alishika kile kipande nilichokuwa nacho, akakisugua kwa vidole, akakitazama kwenye mwanga. Wamama wa Dar wanajua kitambaa.

Ukichagua mtumba, anza na pale panapochakaa: kwapani, kwenye ukosi, mapajani, kwenye zipu. Nyoosha mshono uone kama nyuzi zinaachia. Doa la mafuta mgongoni si kitu kama mgongo utakatwa; doa kifuani acha. Vifungo, hata kama shati limechoka, vitoe uviweke kwenye kopo. Vifungo kumi vya rangi ya chungwa kwenye shati la zamani la kijani, fundi akivibadilisha, umepata shati lingine kwa bei ya uzi.

Wapo wanaosema mitumba ni aibu, imeua viwanda. Nawasikia, na sipuuzi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kilivisha nchi hii, na anayepita pale akikumbuka honi ya zamu hawezi kufurahi. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole mpaka 2019. Marekani ikatishia kuzitoa kwenye AGOA, ule mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, nchi moja moja zikarudi nyuma. Rwanda ndiyo iliyoshikilia, ikapandisha ushuru wa kilo moja kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa soko la Marekani. Hayo ni mambo ya wakubwa na yana uzito wake. Ila mama wa Tandika mwenye watoto wanne asibebeshwe mzigo wa kufa kwa viwanda anapochagua blauzi ya buku. Tena mtu huyu ninayemsema, anayechukua kitenge kilichochapwa hapahapa, akakishona kwa fundi wa mtaani, akakikamilisha kwa kitambaa cha mtumba, pesa yake nyingi imebaki mtaani. Aliyenunua seti ya dukani iliyokuja na kontena, je?

Turudi kwenye majira, maana hapo pia tunajisahau. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi inatembea. Mwaka 2000 Idi el-Fitri ilianguka Januari, ikarudi tena mwishoni mwa Desemba baada tu ya Krismasi, na wazazi wa wakati ule walivisha watoto kwa joto la kaskazi. Miaka hii imekuja kuangukia masika. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili, na mnakumbuka mvua ile. Sasa mtu anamvisha mtoto gauni jeupe refu linaloburura, saa tatu asubuhi limekuwa la rangi ya barabara ya Jangwani. Kwa Idi ya masika, rangi kali iwe juu, kifuani na kichwani; chini weka rangi nzito, zambarau, kijani cha chupa, kahawia, na urefu uishie juu ya kifundo cha mguu. Mtoto ataruka dimbwi na picha itapendeza. Viatu vya plastiki vya rangi vina siku yake, na siku yake ndiyo hiyo.

Krismasi ni shauri lingine. Joto limeanza, jasho linatoka umesimama tu. Hapo leta njano, chungwa, nyeupe yenye maua, mikono mifupi, pamba, mshono uliolegea. Suti ya mtoto ya vipande vitatu na tai, mwezi wa Desemba Dar es Salaam, ni adhabu. Nimewaona kanisani, maskini, mashavu yamelowa kabla ya somo la kwanza. Na yale makoti mazito mnayoyaona yamelala Karume bila mteja, mwenye ndugu Njombe au Makete ayanunue sasa kwa bei ya huruma, ayatume kabla ya Juni. Kule kuna baridi ya kweli, umande unaganda kwenye majani, na koti jekundu la sufu ni neema.

Halafu hii ya sare za harusi. Hapa nitasonya mpaka kamati zinisikie. Mtu analetewa kadi ya mchango, anachanga. Anaambiwa kuna sare, anunue kitambaa kwa kamati, tena kwa bei ya kamati. Kabla hajamaliza kulipa fundi, harusi nyingine, sare nyingine. Kabati limejaa magauni ya lesi ya siku moja moja, na siku ya sikukuu mwenye kabati anasema hana nguo! Dada zangu wa kamati, nawasihi kwa heshima zote, tutajieni rangi, kitambaa tuachieni wenyewe. Semeni "zambarau na njano ya ndizi," kisha muone ukumbi utakavyowaka: huyu kaja na khanga, yule kitenge, shangazi kaja na lile gauni lake la zambarau la zamani kalitia mkanda wa njano, na kila mmoja amependeza kwa umbo lake na kwa mfuko wake. Na zile lesi za siku moja zilizokwisha kushonwa msizitupe. Zifumueni. Lesi ya bibi mmoja ni mikono ya magauni ya watoto watatu, na bitana yake ya satini inatoa mikanda.

Wenzangu na mimi mnaocheza mchezo wa upatu wa kila wiki, kuna kikundi cha akina mama hapa mtaa wa nyuma kimenivutia. Zamu ikifika mtu hapewi pesa taslimu, anapewa pisi mbili za kitenge na yadi nne za popleni, zilizonunuliwa kwa jumla katikati ya mwaka, wakati muuzaji anabembeleza. Ikifika Novemba kila nyumba ina kitambaa sandukuni, kilichokwisha kulowekwa, na fundi ana orodha ya vipimo ukutani. Hakuna aliyekwenda kwa mkopeshaji. Hakuna aliyesukumwa Mtaa wa Kongo.

Kahawa imeisha? Niongezee kikombe, na kashata moja. Fundi anasema ana nafasi ya familia tatu kabla hajafunga kupokea kazi za sikukuu, na mimi nimeshamwandikisha dada yangu. Zimebaki mbili. Kesho jioni nakwenda Karume kwenye lile lundo la mashuka, atakayefuatana nami aje na vipimo vya watoto wake vimeandikwa kwenye karatasi: kifua, kiuno, urefu kutoka begani hadi gotini. Si vya kukisia kwa mkono hewani.